Alitaka Kujua Kapteni Alikufaje

Jumapili ile baada ya ibada, Mama Zawadi aliponiuliza mbona sikuimba, nilimjibu kwamba safari imenichosha. Mkanipa chai, mkaniacha. Nawashukuru. Lakini uchovu wa safari huisha kwa usingizi, na wangu haukuisha, nanyi wiki nzima mmekuwa mkinitumia ujumbe: Riziki, kulikoni? Riziki, yule mzee wako Mfaransa amefariki? Hajafariki. Nimeona afadhali niwaandikie wote kwa pamoja, maana sidhani kama nitaweza kuisimulia habari hii zaidi ya mara moja. Mambo ya kupanga safari na ruhusa za kazini nayaruka. Naanzia njiani.

Bankstown hadi Campbelltown

Wengi wenu mnamjua Mzee Lucien kwa jina tu. Nilikuwa nikimhudumia nyumbani kwake Campbelltown: kumwogesha, kumpikia, kumsomea. Macho yake yalizimika zamani. Ofisi ilinipanga kwake kwa sababu uzeeni alikuwa ameanza kukisahau Kiingereza, na katika watunzaji wao wote ni mimi peke yangu niliyejua Kifaransa, kile cha shule za kambi ya wakimbizi kule Kigoma, kilichochakaa lakini bado kinatembea. Alikuwa mwalimu wa shule. Hakuoa, hakuzaa. Sasa alikuwa anahamia nyumba ya wazee huko kaskazini, ng'ambo ya mto mkubwa, karibu na mpwa wake. Mpwa alitangulia na vyombo kwenye lori dogo. Mzee alikataa kwenda naye kwa kuwa gari humtapisha. "Nitapanda treni," alisema, "na Riziki atanipeleka."

Asubuhi, nyumbani kwangu Bankstown, binti yangu alinikuta jikoni nafunga chapati na mayai ya kuchemsha. Nikamwambia aanue nguo mvua ikija. Akanijibu kwa Kiingereza, mdomo umejaa mkate, kwamba mvua ilishakuja. Na kweli. Ilikuwa mvua nyembamba isiyo na sauti, na ukungu umeshuka hadi kwenye mabango ya maduka. Pale penye duka la mkate wa zaatari, ule wa Waarabu wenye majani makavu ya viungo, ambapo siku zote kuna foleni na kelele, watu walikuwa wamesimama kimya kama wanaosubiri maiti itolewe. Nikanunua mmoja wa moto, nikaula nikitembea.

Nilimkuta mzee ameketi tayari kwenye kiti chake cha magurudumu, katikati ya sebule iliyohamishwa kila kitu, koti limefungwa hadi shingoni. Aliusikia ufunguo wangu.

"Leo nitakusimulia habari za Josselin hadi mwisho," akasema. "Njia ni ndefu, itatosha."

Huyu Josselin alikuwa kapteni wa mamluki, askari wa kukodiwa, aliyeishi zaidi ya miaka mia sita iliyopita, enzi za vita virefu vya wafalme wa Ufaransa na Uingereza. Kijiji alichozaliwa Mzee Lucien kiko chini ya kilima chenye magofu ya mnara wa kapteni huyo. Bibi yake alimsimulia, naye akatumia umri wake wote kuulizia na kusoma, mpaka akamjua Josselin kama mtu anavyomjua jirani. Mara nyingi nikimwogesha alinianzia. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumkatiza: maji yamepoa, mzee, inua mkono, mzee. Sikutaka kusikia habari za kapteni yeyote. Siku hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

Basi la badala ya treni

Stesheni ya Campbelltown ilikuwa imezungushiwa utepe. Reli inatengenezwa, tukaambiwa. Hadi mjini ni mabasi. Mhudumu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa alitutazama, mzee wima kitini na kofia yake, mimi nimeinama natafuta breki ya gurudumu, akamwuliza mzee kwa sauti kubwa kama mama huyu anahitaji msaada kupanda. Mzee akamjibu kwa Kifaransa, kwa heshima zote, kwamba mama huyu anahitaji msaada siku zote ila huwa anakataa. Mhudumu akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa, akanishika mkono mimi, akanipandisha. Mzee akabaki mvuani. Tulicheka sana baadaye. Namaanisha dakika chache baadaye, kwa sababu baada ya hapo hatukucheka pamoja tena.

Alitapika kabla hatujafika barabara kuu. Nilikuwa nimeandaa mfuko. Nikamfuta, nikampa maji, akatulia, akaanza.

Josselin alikuwa mtoto wa tatu wa fundi wa matandiko ya farasi. Karakana ilikuwa ya kaka mkubwa, yeye hakuwa na lake, akaenda kuuza mkono wake kwa mfalme aliyelipa. Akapigana miaka, akapanda cheo. Kisha wafalme wakapatana. "Wakala pamoja, wakaapa pamoja," mzee alisema, "halafu wakawaambia maelfu ya watu wenye panga: rudini nyumbani. Nyumbani wapi, Riziki? Josselin hakuwa na ufundi mwingine." Basi akakusanya wenzake, wakauteka mnara mmoja juu ya daraja, na vijiji vyote vya bondeni vikawa vyake. Vikaleta shayiri, mvinyo, vyuma vya kwato za farasi. Ukileta, unalala. Usipoleta, paa lako linawaka.

"Usifikiri alikuwa mtu wa kufoka," mzee akaendelea. "Bibi alisema hilo ndilo lililowatisha. Alikuwa mpole. Aliingia nyumba za watu, akaketi, akaulizia ng'ombe aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa baba wa ubatizo wa nusu ya watoto wa kijiji."

Hapo ni lazima niwaambie jambo ambalo mzee sikumwambia.

Kwetu ni milima iliyo juu ya ziwa, ng'ambo ya Kigoma, upande wa Fizi. Nilikuwa msichana wa kuchota maji. Vita vilikuwa vimekwisha, redio ilisema hivyo. Vijana walioletwa kutoka mbali kupigana walibaki na bunduki zao na njaa yao, na mkubwa wao akafunga kamba barabarani karibu na daraja. Jina lake hatukulijua. Tulimwita Parrain, yaani baba wa ubatizo, kwa sababu alisimamia ubatizo wa watoto wengi, na nani angethubutu kumkatalia? Hakupandisha sauti. Alikuwa akiingia uani, anaketi, na neno lake la kwanza kwa mkubwa na mdogo lilikuwa: "Mumekula?" Mama yangu alimpikia mara nyingi.

Kisha akachukua vijana. Kaka yangu Amisi alikuwa mmoja wao, Amisi aliyechechemea tangu polio ya utotoni. Wazazi walitoa mbuzi, walitoa maharage, walitoa yote aliyotaka, tukaambiwa vijana wameachiwa. Na waliachiwa kweli. Watu wa kijiji cha jirani waliwaona wakitoka, kila mmoja na kipande cha ugali mkononi. Hawakufika. Hakuna aliyewaona tena, wala mwili, wala kiatu. Mama yupo kambini mpaka leo. Alikataa kuja huku nasi. Amisi akirudi, anasema, atamkuta nani?

Basi lilikuwa linapita katikati ya ukungu, taa za magari zinatokea na kupotea. Mzee Lucien akanigusa goti.

"Nyuma yetu kuna mtu anayejua Kifaransa," akasema taratibu.

"Umemsikia akizungumza?"

"Hapana. Anapumua. Nikifika mahali pa kutisha anazuia pumzi. Watu wengine wanapumua tu."

Nikageuka. Viti vya nyuma vilikuwa na watu wamelala, kofia zimefunika nyuso, vichwa vinagonga vioo. Hakuna aliyenitazama.

Stesheni kuu

Mjini tuliambiwa treni ya kaskazini imechelewa, kisha tukaambiwa imehamishiwa jukwaa jingine, na lifti ya jukwaa hilo ilikuwa inapandisha watu wawili wawili. Tulisubiri sana. Mzee hakutaka chapati yangu. Alitaka pai ya nyama, ya mwisho kabla ya chakula cha nyumba ya wazee ambacho, alisema, kitakuwa cha rangi moja. Nikamnunulia. Aliila akichuruzika mchuzi kidevuni, mimi nafuta, ndege wale weupe wenye midomo mirefu wanatuzunguka kama wadai.

Akaniambia ya mateka.

Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mabaya na kijiji kikashindwa kupeleka shayiri. Josselin akawachukua vijana wa kiume, akawafungia mnarani. Wazazi wakauza mifugo, wakalivua kanisa kengele yake, wakapeleka kila kitu. Kapteni akapokea, akashukuru, akafungua lango. "Na akampa kila kijana mkate," mzee akasema. "Kila mmoja mkate wake mkononi. Mchunga ng'ombe aliwaona wakishuka kilima wakila. Kisha kapteni akatuma wapanda farasi nyuma yao. Wakawakuta kwenye kivuko cha mto."

Nilikuwa nimeshika kitambaa. Sikuweza kumfuta tena.

"Nani alikuambia ya mkate?" nikamwuliza.

"Bibi. Kwetu kila mtu anajua ya mkate. Ndilo swali langu la maisha yote, Riziki. Alikwisha kulipwa. Hakuwa na hasira nao. Kwa nini uwafungulie, uwape mkate, halafu uwaue? Nimewauliza maprofesa. Wanasema: ukatili wa zama zile. Hilo si jibu."

Kisha akainua kichwa kama mbwa anayesikia mlango.

"Bado yupo," akasema. "Yule wa kwenye basi. Amesimama upande wangu wa kushoto."

Upande wa kushoto kulikuwa na nguzo. Nyuma ya nguzo niliona pindo la koti la kijivu, na mfuko wa dukani umewekwa chini, karibu na kiatu kilichopigwa rangi vizuri. Treni ikaingia kabla sijasogea.

Kuelekea mtoni

Walitupandisha behewa la mwisho, karibu na gadi wa treni, kwa ajili ya ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu. Vitongoji vya kaskazini vikapita, watu wakashuka, na kila kituo behewa lilizidi kuwa tupu. Kipaza sauti kilitaja kituo tulichokwisha kukipita, kikakitaja tena. Miti ikakaribia madirisha. Kisha ikaanza ile miamba, na chini yake ukungu, na ndani ya ukungu huo nilijua kuna maji.

Mwenye koti la kijivu alitoka mwisho wa behewa, akaja akiwa anashika viti kimoja kimoja, akaketi akitutazama. Mzee wa Kiafrika, mwembamba, ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri, kofia mkononi. Uso wake ulikuwa wa mzee yeyote wa kanisani kwetu. Akaweka mfuko magotini, akaufungua. Maandazi.

"Mumekula?" akasema.

Nilijiambia: Riziki, wazee wote wa kwetu husema hivyo. Mjomba wako husema hivyo. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika breki ya kile kiti kwa nguvu, kana kwamba treni ndiyo iliyokuwa inataka kuondoka na mzee wangu.

"Ni yeye," Mzee Lucien akasema kwa Kifaransa, amefurahi. "Karibu, bwana. Umetusikiliza tangu Campbelltown."

"Unisamehe," yule mtu akajibu kwa Kifaransa, Kifaransa kizuri kuliko changu. "Nilitakiwa kushuka mjini. Nimeshindwa. Nilitaka kujua kapteni alikufaje."

"Utajua. Umewahi kuwa askari?"

"Nimewahi kuwa mambo mengi."

Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu: "Na weye, dada, ni mutu wa wapi?"

"Kigoma," nikasema.

Akatabasamu kidogo. "Kigoma," akarudia, kama mtu anayepokea chenji pungufu na kuamua kunyamaza.

Mzee Lucien hakuwa na habari. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa amepata msikilizaji anayejua mambo. Akaanza kumweleza ule mnara, ukuta wake, ngazi yake ya kuzunguka, chumba cha juu kabisa alikolala kapteni.

"Hapana," yule mtu akasema. "Juu hakulala."

"Vitabu vinasema juu."

"Juu hakuna mlango wa pili. Watu wako wenyewe wakikuchoka, unatokea wapi? Alilala jikoni. Jikoni kuna moto, kuna mlango wa nyuma, na unajua chakula kimebaki kiasi gani kabla wengine hawajajua."

Mzee akapiga paja lake, akacheka. "Miaka yote hii nimemlaza juu!" Akajiinamisha mbele, sauti ikashuka. "Basi niambie hili. Wale vijana. Alikwisha kulipwa. Kwa nini aliwaachia, akawapa mkate, kisha akawafuata?"

Treni ilipunguza mwendo. Tulikuwa tumetoka kwenye handaki na sasa tulikuwa juu ya tuta, maji pande zote mbili, vigingi vya wafuga chaza vimesimama ndani ya ukungu kwa mistari. Ikasimama kabisa. Injini ikanyamaza. Nilikuwa nasikia mzee anavyopumua, nasikia mvua ikitambaa juu ya bati.

Yule mtu alifunga mfuko wa maandazi, akaufungua tena.

"Walikaa mnarani siku ngapi?"

"Wiki kadhaa."

"Basi waliona. Wale wa bondeni walifikiri mnara una watu wengi. Vijana walikuwa ndani, wakaona ni wachache. Waliona wagonjwa. Waliona wanapika ngozi za matandiko. Kapteni alikuwa na kitu kimoja tu cha kumlinda, watu kumwogopa. Mtu aliyekwisha kuiona njaa yako humwachi afike kwao. Kuwaachia ilikuwa lazima, maana kijiji kingine kingesikia kwamba ukilipa hurudishiwi, na kisingelipa. Waonekane wakitoka. Hilo lilikuwa muhimu. Waonekane."

"Na mkate?"

"Mwenye njaa hukimbia. Anayekula hutembea."

Machozi yakamtoka Mzee Lucien kwenye macho yale yasiyoona, na sijui yalikuwa machozi ya nini, huzuni au faraja ya kupata jibu alilolitafuta tangu utotoni.

"Wote?" akauliza.

"Wote. Ukimwacha mmoja ni sawa na kuwaacha wote."

"Asante, bwana," mzee akasema. "Sasa ni zamu yangu. Mfalme alimsamehe Josselin. Alihitaji watu wanaojua vita, akamwita, akampa koti lenye rangi zake na mji wa kulinda. Akaoa. Alikufa mzee, kitandani, shuka safi, padri kando yake."

"Alikuwa anapata usingizi?"

"Vipi?"

"Miaka ile ya mwisho. Alikuwa analala usiku?"

"Hilo hakuna anayelijua."

Yule mtu akatazama dirishani. "Basi hujui alikufaje," akasema.

Treni ikashtuka, ikaanza kwenda. Gadi akatangaza kituo kinachofuata, kituo kidogo ambacho anayetaka kushuka lazima awe behewa la mwisho. Na mimi nikasikia sauti yangu, kwa Kiswahili, sauti ya chini kabisa kama nilikuwa naongea na mtu aliyelala:

"Na yule aliyechechemea? Hakuweza kukimbia, na kutembea upesi hakuweza. Yeye mlimfanyaje?"

Aligeuza uso wake polepole. Hakuniuliza nasema habari za nani. Hilo nataka mlijue, nyote mtakaoniuliza kama nina hakika. Hakuuliza.

"Ule alibebwa," akasema. "Wenzake walimubeba ku mugongo. Wangemwacha, wangefika ku daraja mbele yetu."

Nilimwona Amisi juu ya mgongo wa mtu, mikono imezunguka shingo, kama nilivyokuwa nikimwona akibebwa kuvuka mto siku za mvua, anacheka, anamwambia anayembeba: enda, farasi.

"Mimi ni binti wa mama yake," nikasema. "Ulikula kwake."

Aliutazama ule mfuko. Akauweka kwenye kiti, taratibu, akasimama, akavaa kofia. Treni ilikuwa imesimama. Jukwaa lilikuwa fupi kama meza, nyuma yake mwamba umesimama wima, mbele yake maji. Hakuna barabara pale, hakuna nyumba. Hushuka watembea porini na wenye mashua. Gadi alimwuliza kama kuna mtu anayemsubiri. Akasema yupo. Mlango ukafungwa, na tulipoondoka nilimwona amesimama mvuani ameelekea mwamba, mgongo umetugeukia, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

Mtaniuliza mbona sikupiga kelele, mbona sikumshika gadi mkono. Wenzangu, sijui. Nilikuwa na kipofu mikononi mwangu.

"Amekwenda?" Mzee Lucien akauliza. Akapapasa kitini, akaupata mfuko, akatoa andazi, akaling'ata kabla sijamzuia. "Zuri," akasema. "Alikuambia nini kwa lugha yenu?"

"Kwamba kulikuwa na kijana mmoja mlemavu. Wenzake walimbeba."

Mzee akaacha kutafuna.

"Hilo bibi hakuwahi kunisimulia," akasema. "Kwenye kivuko kile? Walimbeba?" Akarudia mara mbili tatu, akilipanga mahali pake ndani ya habari zake. Sikumsahihisha.

Nyumba ya wazee

Mpwa alitusubiri stesheni na mwavuli. Nyumba ni safi, ina bustani, na wahudumu wake wapole; mmoja ni dada wa Kirundi aliyekulia kambi ya jirani na yetu, tukasalimiana hadi tukashikana mikono. Chakula cha jioni kilikuwa viazi vilivyopondwa, samaki mweupe na kastadi, chote cha rangi moja, na mzee akaninong'oneza: "Si nilisema?"

Nilimpangia soksi zake, nikamgusisha kwa mkono wake mahali ilipo kengele, mahali lilipo glasi. Nilipoinama kumuaga alinishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ukimwona tena yule bwana, mlete," akasema. "Anamjua Josselin kuliko mimi."

Nikamwambia nitaona. Nikatoka. Kwenye korido dada yule wa Kirundi aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni baridi tu, akanivalisha sweta lake.

Kurudi Bankstown

Nilirudi peke yangu, upande wa dirisha la mtoni. Ukungu ulikuwa umeinuka. Tulipopita kile kituo niliona ubao wa jina, benchi, mwamba. Hapakuwa na mtu.

Nimekwisha kwenda kueleza kwa wanaohusika na mambo haya, na mume wa Mama Zawadi alinisindikiza. Walinisikiliza vizuri, wakauliza maswali mengi. Yaliyobaki nayaacha kwao. Mkisikia lolote, mtasikia kutoka kwao.

Lililobaki kwangu lilikuwa mama. Nilikaa siku kadhaa nashika simu naiweka. Nilipompigia, mtandao wa kambini ulikuwa mzuri, nikasikia hata majogoo.

"Mama," nikasema, "Amisi hakufika kwa sababu waliwafuata njiani. Siku ile ile."

"Nani amekuambia?"

"Mtu aliyekuwepo."

Hakulia. Nadhani alikuwa amekwisha kulia peke yake, miaka mingi, bila kutuambia. Nilimsikia akivuta kigoda, akiketi.

"Na mguu wake ule," akasema, "siku ile alitembeaje?"

"Hakutembea, mama. Wenzake walimbeba mgongoni."

Majogoo wakawika tena.

"Kwa zamu?"

"Kwa zamu," nikasema, ingawa hilo sikuambiwa.

"Walilelewa wale watoto," mama akasema. "Nitakwenda kwa mama zao, waliobaki hai. Nitawaambia mmoja mmoja. Walilelewa vizuri."

Nusu nyingine ya maneno ya yule mtu, ile ya daraja, sikumpa. Ninyi mmeisoma hapa, na baadhi yenu huwa mnaongea naye kwa simu, mnamsalimia. Msimwambie.